Waliopanda Mti Wasikae Kivulini

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Mei, uwanja wa Hampden mjini Glasgow hujaa watu waliokuja kutazama fainali ya Kombe la Uskoti. Kombe hilo la fedha ni la mwaka 1874, na aghalabu ya wapenzi wa kandanda wa huko wanaijua klabu iliyotangulia kulitwaa, nayo ni Queen's Park. Wachache mno ndio wanaoitambua klabu iliyoshindwa siku hiyo. Jina lake lilikuwa Clydesdale. Iliishi miaka tisa tu, kisha ikatoweka, na habari zake zinafaa kusimuliwa mbele ya vijana wetu.

Clydesdale ilizaliwa ndani ya nyumba ya mchezo mwingine. Glasgow kulikuwa na klabu ya kriketi ya jina hilo tangu mwaka 1848, iliyokuwa na kiwanja chake Kinning Park, upande wa kusini wa Mto Clyde. Kriketi huchezwa majira ya joto. Baridi inapoingia, kiwanja hulala na wachezaji hukaa bure. Mwaka 1872 wanachama wakaanzisha timu ya kandanda. Walicheza kwa ridhaa yao, bila ya mshahara, maana kulipwa kwa ajili ya mpira lilikuwa jambo lisilokubalika Uskoti wakati huo, na halikuruhusiwa mpaka mwaka 1893.

Tarehe 13 Machi 1873, kwa mwaliko wa Queen's Park, wajumbe wa klabu saba walikutana katika hoteli moja isiyouza pombe katika mtaa wa Bridge Street. Klabu zenyewe zilikuwa Queen's Park, Clydesdale, Vale of Leven, Dumbreck, Third Lanark, Eastern na Granville. Klabu ya nane, Kilmarnock, haikuwakilishwa na mtu. Ilituma barua ya kuunga mkono. Kikao hicho ndicho kilichozaa Chama cha Kandanda cha Uskoti, na rais wake wa kwanza alikuwa Archibald Campbell, mtu wa Clydesdale. Wajumbe wakaafikiana pia kwamba lishindaniwe kombe, na klabu zikachangishana fedha za kulinunua.

Klabu 16 ziliingia katika mashindano ya kwanza. Clydesdale iliwatoa Third Lanark baada ya mechi kurudiwa, ikawashinda Blythswood katika nusu fainali, na hatimaye ikajikuta uso kwa uso na Queen's Park.

Hapa pana kisa cha kutazamwa kwa makini. Mlinda lango wa Clydesdale alikuwa Robert Gardner. Huyu ndiye aliyekuwa nahodha wa Uskoti ilipocheza na Uingereza tarehe 30 Novemba 1872, mechi ya kwanza kabisa inayotambuliwa kuwa ya mataifa, iliyokwisha bila ya bao. Siku hiyo wachezaji wote kumi na mmoja wa Uskoti walitoka Queen's Park, na Gardner alikuwa mmoja wao. Baadaye aliachana na klabu hiyo na kuhamia Clydesdale.

Tarehe 7 Machi 1874 Uskoti iliishinda Uingereza kwa mabao 2 kwa 1. Gardner alikuwa langoni. Bao moja lilifungwa na Frederick Anderson, mwenzake wa Clydesdale, na la pili likafungwa na Angus MacKinnon wa Queen's Park. Wiki mbili baadaye, tarehe 21 Machi, watu hao hao walikutana tena Hampden katika fainali, safari hii wakiwa wapinzani. Lango halikuwa na wavu, na penalti ilikuwa haijajulikana; mambo hayo mawili yalikuja mwaka 1891. Billy MacKinnon akafunga bao, na aliyefungwa alikuwa Gardner, aliyekuwa akimlindia lango siku kumi na nne tu zilizopita. Robert Leckie akaongeza la pili. Queen's Park ikashinda 2 kwa 0.

Mwaka uliofuata klabu hizo mbili zilikutana tena katika nusu fainali, na ilibidi zicheze mara tatu ndipo Queen's Park ikapita. Clydesdale haikulikaribia kombe kwa kiasi hicho tena. Mwaka 1876 klabu ya kriketi ilihamia kiwanja cha Titwood, na Kinning Park ikachukuliwa na klabu changa ya vijana iliyoitwa Rangers, ambayo leo ni miongoni mwa klabu kubwa za Uskoti. Kandanda ya Clydesdale ilikuwa kama mpangaji: mwenye nyumba alikuwa kriketi, na alipohama, mpangaji hakuwa na kwake. Mwaka 1881 timu ikavunjika. Klabu ya kriketi yenyewe ingaliko Titwood hata sasa.

Tukizihesabu klabu nane za mwaka 1873, tutaona kwamba Clydesdale haikufa peke yake. Eastern, Granville na Dumbreck nazo zilitoweka katika zama hizo hizo. Third Lanark iliendelea mpaka mwaka 1967, kisha ikavunjika. Queen's Park na Kilmarnock ndizo zinazocheza katika ligi ya taifa hadi leo. Lakini chama walichokiasisi kinaendelea, na kombe walilolichangia linashindaniwa bado. Hata Gardner, aliyefungwa mabao mawili katika fainali ile, alikuja kuwa rais wa chama hicho mwaka 1877.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Clydesdale ilitangulia na haikufika, ila iliacha njia wanayopita wengine. Ndiyo sababu si haki kuipima klabu kwa umri wake, wala kwa vikombe vilivyopangwa kabatini. Yafaa tuulize ilikutana na nani, ilikubaliana nini, na ni kitu gani kilichobaki baada yake.

Mitaani kwetu klabu za vijana huchipuka na kunyauka. Mfadhili akiondoka, jezi hugawanywa, na baada ya miaka mitatu hakuna akumbukaye hata jina. Wazazi na walezi wa timu hizo wanaweza kufanya mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni daftari: majina ya wachezaji, tarehe za mechi, matokeo, na maazimio ya vikao. Tunaijua Clydesdale leo kwa sababu mambo yake yaliandikwa. Ingelikuwa ni ya kusimuliana tu, ingelizikwa pamoja na waliocheza. La pili ni kiwanja. Timu inayocheza kwenye ardhi ya mtu hudumu kwa kadiri ya hiari ya mwenye ardhi, na sisi tunaona jinsi viwanja vya watoto vinavyomegwa na majengo mwaka hadi mwaka. Kijiji au mtaa wenye kiwanja cha umma uhakikishe kimepimwa na kuandikishwa kisheria, kabla mabati ya kuzungushia hayajafika.

Na kwa kijana aliyefungwa mabao Jumapili iliyopita akarudi nyumbani ameinamisha kichwa, asimuliwe habari za Gardner. Alifungwa na mwenzake mbele ya umati wa watu, na miaka mitatu baadaye wapinzani na wenzake pamoja walikuwa chini ya uongozi wake.