UPOLE WA MZEE RUKHSA HAUKUWA UDHAIFU



Ndugu yangu katika imani, unasambaza maneno kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi, Allah amrehemu, alikuwa rais dhaifu, mtu wa kusema "rukhsa" tu, na kwamba uchumi unataka mkono wa chuma. Haya, tuzungumze kwa insafu.

Mkono wa chuma tuliujaribu! Mwaka 1983 serikali iliwasaka walioitwa wahujumu uchumi. Watu walitiwa ndani kwa ajili ya sukari na sabuni. Je, sabuni ilirudi dukani? Ilizidi kujificha. Muulize mama yako habari za foleni.

Mlango ulianza kufunguliwa kidogo kwenye bajeti ya 1984, Mwalimu akiwa bado Ikulu, tusimdhulumu. Lakini aliyeufungua wazi ni Mwinyi. Aliingia 1985, na 1986 akakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu alilipinga kwa miaka. Na Mwalimu huyo huyo akabaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990! Wewe unayemwita dhaifu, ungethubutu? Hata Musa na Harun walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa wazungumze naye kwa upole, soma Twaha aya ya 44. (Simfananishi mtu na Firauni, msinikamate hapo.)

Tena tabia hiyo haikuanzia Ikulu. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu mahabusu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Hakuwapiga yeye. Akaacha cheo, akaenda zake. Mtu asiyeng'ang'ania kiti ndiye anayeweza kuiachia biashara irudi kwa watu. Anayeng'ang'ania huona kila muuza duka ni adui.

Makosa yapo. Misamaha ya kodi ilitolewa ovyo hadi wafadhili wakazuia misaada 1994, na Azimio la Zanzibar la 1991 likawafungulia viongozi biashara walizokatazwa na Azimio la Arusha. Wakubwa wale hawakustahili ulaini ule. Sema hilo, nitakuunga mkono.

Lakini dhaifu? Mwaka 2009, akiwa na miaka 83, kijana alimzaba kofi jukwaani kwenye Baraza la Maulid, Diamond Jubilee. Kijana akaondolewa, Mzee akaendelea na hotuba yake. Wewe ukijibiwa vibaya humu mtandaoni tu, unamfungia mtu siku hiyo hiyo.

Allah amsamehe, alinawirishe kaburi lake pale Mangapwani. Amin.