BATI KWANZA, UGOMVI BAADAYE

Ndugu wanaushirika,

Jumapili wengine wenu mlisema hela ya bati za zahanati iende kwenye ugomvi wa mpaka na wenzetu wa ng'ambo ya mto. Mimi nakataa, na sababu ninayo.

Oktoba 1978 Idi Amin alivamia Kagera. Tukapigana, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Gharama inakadiriwa dola milioni 500. Malori ya kubeba mazao yalikwenda vitani, mazao yakakwama. Mwalimu akatuomba tufunge mkanda miezi 18. Miezi ikaisha, mkanda haukulegea, maana mafuta nayo yalipanda bei. Sabuni foleni, sukari foleni, dawa haba.

Na ile ilikuwa vita ya lazima, tulivamiwa. Sasa jamani, hii yetu ya malisho nani katulazimisha? Mpaka wazee wa pande mbili wataupima kwa kamba, bila senti. Lakini mama mwenye uchungu anabebwa kwa baiskeli usiku, naye hawezi kungoja.

Tukutane Jumamosi saa 4, kila mtu aseme lake.

Kazi ni uhai.

Katibu wa Tawi