Hitilafu Hutafutwa, Haibahatishwi

Kila chombo kinachotumiwa na binadamu huharibika siku moja, na namna ya kukitengeneza huonyesha kiwango cha elimu cha mwenye chombo. Jambo hili ni kweli kwa baiskeli na kwa pampu ya maji. Ni kweli pia kwa seva ya majina, kompyuta ambayo watumiaji wengi wa intaneti huitegemea kila siku bila kujua kwamba ipo.

Kazi ya seva hiyo si ngumu kuielewa. Kompyuta hutambuana kwa nambari, lakini binadamu hukumbuka majina. Hapo awali majina yote yaliorodheshwa katika faili moja lililotunzwa kwenye taasisi ya utafiti ya SRI, huko California. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kuigawa kazi hiyo kwa seva nyingi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeko Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, anapoandika jina linaloishia na «ac.tz», seva anayoitegemea huziuliza kwanza seva za mzizi. Hizo huielekeza kwa seva za tz, nazo huielekeza mbele, hadi nambari itakiwayo ipatikane. Jibu huhifadhiwa kwa muda ili swali lilelile lisirudiwe kila mara.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, shule iliyoko Kalenga inayopata huduma hiyo kutoka seva ya zamani iliyoko Iringa mjini. Siku ya Jumamosi fundi anaweka toleo jipya la BIND, programu itumikayo sana kwa kazi hii. Jumatatu asubuhi kompyuta zilizo katika jengo la seva zinafanya kazi vizuri, lakini za Kalenga hazifungui ukurasa wowote. Wengi watasema kwamba mtandao umekatika. Watachomoa nyaya, watazima na kuwasha mitambo, na mwishowe watafuta kila kitu ili waanze upya, pamoja na ushahidi wote wa chanzo cha hitilafu. Huo si ufundi, bali ni ramli.

Mwenye elimu huanza kwa kutenganisha kilicho kizima na kilicho kibovu. Kompyuta ya Kalenga ikiweza kuifikia kompyuta ya mbali kwa nambari lakini isiifikie kwa jina, njia ni nzima na ubovu uko kwenye majina. Baada ya hapo huiuliza seva yenyewe na kuangalia inavyojibu. Seva ikinyamaza, huenda imesimama, au kinga ya mtandao inauzuia ujumbe. Ikijibu kwamba jina halipo, huenda jina limeandikwa vibaya au orodha ina kasoro. Ikijibu kwamba imeshindwa, maana yake imetafuta lakini haikupata jibu inaloweza kuliamini. Ikijibu kwamba imekataa, basi yenyewe inafanya kazi, ila haikuruhusiwa kumhudumia muulizaji huyo.

Katika mfano huu seva imekataa, na sababu yake inajulikana. Tangu matoleo ya mwaka 2007, BIND isipopewa maelekezo mengine huzitafutia majina kompyuta za mtandao wake wa karibu tu. Kusudi ni kuwazuia watu wasiojulikana wasiitumie seva kuwashambulia wengine. Kama mpangilio wa zamani haukuzitaja nambari za shule, Kalenga imegeuka kuwa ugenini. Dawa yake ni mstari mmoja wa maandishi.

Lau seva ingejibu kwamba imeshindwa, uchunguzi ungefuata njia nyingine. Matoleo ya siku hizi huhakiki saini za majibu, na kila saini ina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Umeme ukikatika na betri ya saa ya seva ikiwa imekufa, mashine yaweza kuwaka ikidhani ni mwaka uliopita zamani, nayo ikaziona saini halali kuwa batili. Hapo kinachotakiwa ni kurekebisha saa, wala si kugusa orodha ya majina.

Wapo wasemao kwamba chombo kinachofanya kazi kisiguswe. Hoja hiyo haina nguvu. Mwaka 2008 Dan Kaminsky aligundua udhaifu uliowezesha majibu ya uongo kupenyezwa katika seva za majina, na tarehe 8 Julai mwaka huo watengenezaji wengi walitoa marekebisho kwa pamoja. Aliyekataa kubadili aliuacha mlango wazi.

Wengine husema kwamba kazi hii waachiwe wataalamu. Lakini wataalamu nao hukosea. Tarehe 12 Oktoba 2009, katika matengenezo ya kawaida, nukta moja ilikosekana katika maandishi ya orodha ya majina ya Uswidi, na majina yapatayo 900,000 yakaacha kupatikana. Kosa lilisahihishwa upesi, lakini majibu mabaya yaliendelea kukaa katika kumbukumbu za seva nyingine. Asiyelijua hilo husahihisha kosa, huona hali haijabadilika, kisha hubadili jambo jingine na kuzaa hitilafu ya pili.

Kwa sababu hiyo, kila shule yenye mtandao haina budi kuwa na daftari la mabadiliko: tarehe, kilichobadilishwa, na aliyekibadilisha. Nakala ya mpangilio wa zamani itunzwe kabla ya toleo jipya kuwekwa. Jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, kisha lipimwe. Mafundi wengi huona aibu kuandika walichokigusa. Wakumbuke kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Walimu wasidhani kwamba haya ni mageni. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayetambua chumvi isiyojulikana katika maabara ya kemia hufanya jaribio, huandika alichokiona, na ndipo hutoa hitimisho. Haruhusiwi kubahatisha kwa rangi ya unga peke yake. Inashangaza kwamba mwanafunzi huyohuyo, akiingia katika chumba cha kompyuta, hufundishwa kubonyeza tu, na chombo kikigoma huambiwa amngoje fundi. Somo la kompyuta likifundishwa kwa nidhamu ya maabara, Kalenga haitahitaji kungoja.