Kazi Gani Itangulie?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona latusumbua wengi, wanafunzi, walimu na hata wazazi wetu nyumbani. Jambo lenyewe ni matumizi ya wakati. Najua ya kuwa msomaji akiliona neno hili atasema, "Loo, tena! Tumeambiwa tangu shule ya msingi kwamba wakati ni mali." Ni kweli tumeambiwa. Lakini kuambiwa kuwa kitu ni mali si sawa na kufundishwa namna ya kukitumia, na hapo ndipo penye shida.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipoingia Kidato cha Tatu nilijitengenezea ratiba. Nilinunua karatasi ya manila, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika masomo yangu yote tisa kwa kalamu za rangi, kila somo na nafasi yake kila siku. Nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Wageni waliokuja nyumbani waliisifu, nami nikajiona mwanafunzi hodari. Mwisho wa muhula nilipata alama 19 katika Hisabati. Ratiba ilikuwa ingali ukutani, wala rangi zake hazijafifia.

Nilijiuliza kosa liko wapi, maana uvivu sikuwa nao. Siku moja nikachukua kalamu nikafanya hesabu ndogo, ambayo nawasihi na ninyi wenzangu mwifanye. Siku ina saa 24. Shuleni twaingia saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa tisa na nusu alasiri, hizo ni saa 8. Kulala, saa 7. Njiani kwenda na kurudi, saa 2, maana sisi wengine twakaa mbali. Kuteka maji, kupika, kuosha vyombo na kuwatazama wadogo, saa 3, kwani mimi ni binti wa kwanza katika watoto watano. Kula, kuoga, kusali na kupumzika kidogo, saa 2. Jumla yake ni saa 22. Basi zilizobaki ni saa 2 tu, yaani dakika 120. Ukizigawa kwa masomo tisa, kila somo lapata dakika 13 na kitu kidogo. Katika dakika 13 mtu hufungua daftari, akachonga penseli, akasoma swali la kwanza, na wakati umekwisha.

Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa ratiba yangu ilikuwa uwongo uliopakwa rangi. Iliniahidi kwamba naweza kufanya yote kila siku, na mtu anayejaribu kufanya yote hamalizi hata moja. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tisa.

Aliyenionyesha dawa ni mama yangu, ambaye huuza vitumbua asubuhi. Mama hana ratiba ukutani. Lakini kila jioni, hata akiwa na wageni, hata akiwa amechoka namna gani, hakosi kuroweka mchele kabla ya kazi nyingine zote. Ni kazi ya dakika tano. Siku moja nilimwuliza kwa nini asianze na vyombo, ambavyo vilikuwa vimejaa uani hata pa kupita hapakuwapo. Akanijibu, "Mwanangu, vyombo visipooshwa leo vitaoshwa kesho. Mchele usiporowekwa leo, kesho hakuna cha kusaga, hakuna cha kuumua, hakuna cha kupika, na nauli yako ya shule haipo."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinifaa kuliko ile ratiba. Vyombo vichafu humwita kila apitaye, lakini mchele ulio ndani ya mfuko haumwiti mtu. Kadhalika ndivyo zilivyo kazi zetu. Ziko kazi zinazopiga kelele, na ziko kazi zinazonyamaza, na aghalabu zile zinazonyamaza ndizo zinazobeba nyingine. Eisenhower, aliyekuwa Rais wa Marekani, alilieleza jambo la namna hiyo katika hotuba yake ya mwaka 1954. Alisema amelipata kwa mkuu mmoja wa chuo, ya kwamba mambo ya haraka na mambo ya maana si mamoja, na mara nyingi hayaji pamoja. Mama hajapata kuisikia hotuba hiyo, lakini kila jioni aifuata.

Tangu siku ile kila usiku kabla ya kulala huchukua kipande cha karatasi nikajiuliza maswali mawili. La kwanza: kazi hii ikiachwa kesho, kitaharibika nini? La pili: je, kuna kazi nyingine inayoingojea hii? Kisha huandika kazi tatu tu za kesho, wala sizidishi, na ile yenye majibu mazito huipa namba 1. Kesho yake nianzapo kusoma saa mbili usiku, naanza na namba 1, wala siigusi namba 2 kabla ile haijakwisha. Vitu vya kukariri, kama maneno ya Kiingereza na majina ya mito ya Jiografia, nimevihamishia njiani na kwenye foleni ya bombani. Kazi ikihamishwa siku tatu mfululizo bila kufanywa, siku ya nne ama huiweka ya kwanza ama huifuta kabisa, maana kazi inayohamahama humchosha mtu bila faida.

Kwa maswali hayo mawili niliona kwamba mchele wangu mimi ulikuwa Hisabati. Asiyejua sehemu hawezi aljebra, na asiyejua aljebra huonekana hajui Fizikia, kumbe asilolijua ni hesabu. Basi muhula mzima nilitoa saa 1 kila usiku kwa Hisabati, na ile saa ya pili nikaigawa kwa zamu kwa masomo mengine. Mwisho wa muhula nilipata 54. Nisifiche upande wa pili: Historia, ambayo nilikuwa nikipata 71, ilishuka ikawa 63. Iliniuma. Lakini kuchagua ndiko huko. Mwenye kusema kwamba amechagua, na hapana alichokiacha, bado hajachagua.

Wako wenzangu wanaosema kwamba mipango ni ya watu wazito wa kufahamu, na kwamba wao husoma vizuri zaidi usiku mmoja kabla ya mtihani. Nawajibu kwa kazi ya mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyoitoa mwaka 1885. Bwana huyu alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kurudia mara 38, kukigawanywa katika siku tatu, kulimfaa sawasawa na kurudia mara 68 katika siku moja. Basi anayengoja usiku wa mwisho hulipa karibu mara mbili kwa bidhaa ile ile. Mtihani wa Taifa hauna usiku wa pili, na jina la mtu likishatoka na matokeo yake, halirudi kuandikwa upya kwa kuwa alikuwa na nia njema.

Kwa walimu wetu nasema haya kwa heshima. Hutokea wiki ambayo kazi nne za masomo mbalimbali zatakiwa zote Jumatatu asubuhi. Kila mwalimu ametoa kazi ya haki, lakini hajui wenziwe wametoa nini. Matokeo yake ni kunakiliana madaftari chini ya mwembe kabla ya kengele, jambo ambalo walimu walichukia na sisi twaliona aibu. Naomba kila darasa liwe na daftari moja analolitunza kiranja, ambamo kila mwalimu ataandika kazi aliyoitoa na siku ya kuikusanya. Mwalimu mwingine akiingia atalitazama kwanza. Gharama yake ni bei ya daftari moja.

Na kwenu wazazi wetu, sina nia ya kukataa kazi za nyumbani. Zimetulea, na mtoto asiyezijua ni mzigo kwa watu. Shida yetu hasa ni kuitwa. Mtoto akikaa kusoma huitwa kutafuta chumvi dukani, akirudi huitwa kumtazama mdogo, akikaa tena huitwa kuleta simu inakolia. Kila kuitwa ni kwa dakika tano tu, lakini akili iliyokatishwa huchukua muda kurudi ilipokuwa, na zile saa 2 hutoka vipande vipande kama nguo iliyoliwa na panya. Kwetu tulikubaliana na mama hivi: akirudi jioni ananitajia kazi zote kwa pamoja, nazimaliza, na kuanzia saa mbili hadi saa nne haniiti ila kwa jambo kubwa. Kazi hazikupungua hata moja, ila zimekusanywa mahali pamoja. Nawaombea na wenzangu wapate hivyo, hasa wasichana, maana wao ndio waitwao zaidi, na kaka zao huachwa wasome.

Wengine watauliza, je, huku si kujifunga kamba? Mimi naona kinyume. Zamani nilikuwa nikicheza netiboli huku moyo wangu ukinisuta kwa kazi ambazo sijazifanya, na nikisoma huku nikiwaza mchezo. Sasa namba 1 ikikwisha nacheka bila deni.

Basi ndugu zangu, sisemi mkanunue karatasi ya manila. Ile yangu nimekwisha ibandua, na mdogo wangu ameifunikia madaftari yake. Chukueni leo usiku kipande cha karatasi kisicho na kazi, mwandike kazi tatu za kesho, na kabla ya kuitia namba ya kwanza, kila mtu ajiulize kwa kweli: mchele wangu ni upi?

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne