UCHAMBUZI: Usalama wa Mifumo ya Serikali Huanzia Inapojengwa

Mwananchi wa Bariadi anapopewa kumbukumbu namba na kulipia huduma ya Serikali kwa simu ya mkononi, huamini kuwa fedha zake zitafika panapostahili. Imani hiyo ndiyo msingi wa Serikali Mtandao. Kila mara wananchi hukumbushwa kutunza nywila zao, na wito huo ni sahihi. Hata hivyo, upo mlango ambao mwananchi hawezi kuufunga mwenyewe, nao ni zana ambazo wataalamu hutumia kujenga programu.

Wakulima wa pamba wa Simiyu watalielewa jambo hili. Pamba yaweza kuvunwa ikiwa safi, lakini uchafu ukiingia kiwandani wakati wa kuchambuliwa, marobota yatatoka na dosari. Programu nayo huandikwa kwa msimbo, kisha zana maalumu huugeuza msimbo huo kuwa mfumo unaotumika. Zana hizo zikipokea maelekezo ya mhalifu, msimbo haramu hupenya hata kama waandishi wa programu ni waaminifu.

Desemba 2020 ilibainika kuwa wadukuzi walipachika msimbo wakati programu ya Orion ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani ikijengwa. Programu ilitoka ikiwa na saini halali, na wateja wapatao 18,000 waliipokea. Machi 2024, mhandisi Andres Freund alitilia shaka ucheleweshaji wa takribani nusu sekunde katika kompyuta yake, akagundua mlango wa siri ndani ya programu ya XZ Utils. Maelekezo yaliyouwezesha yalifichwa katika faili za ujenzi zilizosambazwa, wala hayakuwamo katika hazina ya msimbo iliyo wazi kwa wakaguzi.

Funzo ni kwamba kukagua msimbo pekee hakutoshi. Tanzania inayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ili sheria hizo zimlinde mwananchi ipasavyo, kila taasisi, kuanzia wizara hadi halmashauri, haina budi kujua mfumo wake ulijengwa kwa zana zipi na nani ana ruhusa ya kuzibadili. Maswali hayo yaulizwe kabla mfumo haujapokelewa kutoka kwa mzabuni, kwani baada ya hapo gharama ya jibu baya humwangukia mwananchi.