Kabro Haimezi Maji

Wasee, nani aliwaambia kabro ni maendeleo? Landilodi wetu ameng'oa maua yote ya mathe, mawaridi aliyoyatunza miaka 9, ndio magari mawili yapate pa kuegesha. Ati "usafi". Usafi gani? Hapo palikuwa na nyuki juzi tu.

Sahi ni Septemba, kumekauka, hakuna anayeona shida. Ngojeni vuli ianze Oktoba. Udongo humeza maji, kabro huyasukuma tu kwa jirani. Ama mmesahau Nairobi Aprili 2024?

Na msiniambie ploti si yetu. Kodi tunalipa, na maji yakija yataanza na sisi wa chini.

Mathe aliokoa miche mitatu, ameipanda kwa mkebe wa rangi hapo kwa ngazi. Keateka ashasema tuitoe.