Ushahidi Kwanza: Riwaya za Upelelezi na Televisheni Yetu

Mfugaji wa Ugogo akipotelewa na ng'ombe hamkimbilii jirani yake na kumwita mwizi. Kwanza huinama. Hutazama alama za kwato mchangani, majani yaliyolala na kinyesi kilicho kibichi au kikavu, kisha huzifuata alama hizo mpaka ukweli ujitokeze. Basi wale wadaio kwamba upelelezi ni sanaa ya kigeni isiyotuhusu, hapa Dodoma hawana pa kusimama.

Hatukatai kwamba umbo la riwaya hizi limetoka ng'ambo. Muhammed Said Abdulla alipotunga Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko pamoja na rafiki, Najum, kama Arthur Conan Doyle alivyompa Sherlock Holmes kiko na Daktari Watson. Lakini mafumbo anayofumbua Bwana Msa ni yetu: ukoo, urithi, ndoa, na hofu ya mizimu. Wenzake wanapotetemeka, yeye huuliza nani alikuwa wapi, na saa ngapi.

Televisheni ilianza Unguja mwaka 1973, mwaka uleule ilipotoka Duniani Kuna Watu ya mtunzi huyohuyo, na ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Bara ilingoja hadi 1994. Waingereza wamemrudisha Holmes wao katika televisheni tena na tena: kati ya 1984 na 1994 akiwa katika mavazi ya zama zake, na kati ya 2010 na 2017 akiwa na simu ya mkononi. Hawakuona haya kurudia kazi ya kale. Sisi tunaye Bwana Msa, tunayo Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, tunaye Willy Gamba wa Elvis Musiba. Na bado wako wasomi wanaoviita vitabu hivyo vya kupotezea wakati!

Hata hivyo, tunachodai si picha tu. Mchezo utakaotwaa bastola na magari ya riwaya na kuacha fikra zake utakuwa umechukua ngozi na kutupa nyama. Mbaya zaidi ni ule utakaomleta mpiga ramli amtaje muuaji, na watazamaji wakaridhika. Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Waliowaua hawakuuliza hata swali moja ambalo Bwana Msa angeliuliza. Kijana aliyezoea kungoja ushahidi si rahisi kumchochea ashike panga.

Kwa hiyo twawataka watengenezaji wa michezo ya televisheni wazigeukie riwaya hizi, na wazihifadhi hoja zake pamoja na Kiswahili chake. Nao walimu wasingoje kamera. Wanafunzi na wasome sura moja, waigeuze kuwa mchezo, waorodheshe ushahidi uliopo, wabishane juu yake, ndipo wafunue ukurasa wa mwisho. Darasa la namna hiyo hujenga fasihi, na hujenga raia pia.

Mwenye kutafuta ng'ombe wake hutazama chini kabla ya kunyosha kidole. Televisheni ya taifa linalojiheshimu haina budi kufundisha hivyo hivyo.